Bima Isigeuke Mchango: Saratani, Familia za Wang'uru na Mageuzi ya Bima ya Afya

Utangulizi

Familia inapopata habari kwamba mmoja wao ana saratani, maneno matatu hayakosi kutajwa katika kikao cha kwanza cha jamaa. Neno la kwanza ni bima, la pili ni mchango, la tatu ni makato. Bima ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi na Uajemi pamoja na misamiati mingine ya biashara. Mchango na makato ni watoto wa vitenzi vyetu wenyewe, kuchanga na kukata. Tofauti ya maneno haya si ya asili tu. Bima ni ahadi inayotolewa leo kwa ajili ya siku isiyojulikana. Mchango ni huruma ya watu baada ya siku hiyo kufika. Makato ni fedha zilizoondolewa kabla ya mwenyewe kuzigusa, mara nyingine bila ya kuelezwa zilikwenda wapi.

Makala haya yanadai kwamba maoni ya manusura wa saratani na jamaa zao kuhusu mageuzi ya bima ya afya nchini Kenya yanaweza kueleweka kwa kupima umbali uliopo baina ya maneno haya matatu. Watu hawa hawaikatai bima, kwani hakuna anayeihitaji kuwaliko. Wanachokikataa ni bima inayoanza kwa makato na kuishia kwa mchango. Mfano utakaotumiwa ni wa mji wa Wang'uru, ambao wengine huuita Ngurubani, ulioko katika tambarare za mpunga za Mwea, kaunti ya Kirinyaga.

Kumbukumbu ya Makato Mwea

Wang'uru ni mji uliozaliwa na maji. Mifereji inayotoka katika mito ya Thiba na Nyamindi ndiyo iliyoufanya kuwa mji. Itakumbukwa kwamba kazi ya kuichimba mifereji hiyo ilianza katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa jasho la mahabusu wa vita vya Mau Mau. Mnamo mwaka wa 1966, Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji Maji iliundwa kwa sheria na kukabidhiwa usimamizi wa mradi. Mkulima alipewa shamba kama mpangaji. Bodi ilimlimia, ikampa mbegu na mbolea, ikauchukua mpunga wake, ikakata gharama zake zote, kisha ikampa kilichosalia. Aghalabu kilichosalia kilikuwa kidogo, na hesabu ya makato yenyewe haikuwa wazi kwa mkulima. Malalamiko hayo yalifikia kilele mwaka wa 1998, wakulima walipokataa kuipelekea Bodi mpunga wao na kuanza kujiuzia wenyewe. Vijana wawili walipigwa risasi na kufa katika ghasia zilizofuata.

Mwaka huo huo wa 1966 ndio uliozaa Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, yaani NHIF. Hii ni sadfa tu, lakini ni sadfa yenye mafunzo. Mzee wa Mwea aliyeishi chini ya taasisi hizi mbili hahitaji mhadhara ili ajue tofauti baina ya kukatwa na kuchangia. Anajua kwamba fedha zinapoondoka kwake kabla hajaelezwa zitamrudia kwa namna gani, jina lake ni makato, hata zikiitwa kwa jina tamu kiasi gani. Ndiyo maana afisa anayefika sokoni Wang'uru kuwasajili watu katika bima mpya hukutana na swali ambalo huenda akalidhania kuwa la ukaidi: tukitoa, tutapata nini, na tutajuaje kwamba tumepata? Swali hili halina ukaidi wowote. Ni mabaki ya historia.

Mageuzi Yenyewe

Mnamo Oktoba 2023, Kenya ilipata sheria kadhaa za afya kwa mkupuo, mojawapo ikiwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Sheria hiyo iliivunja NHIF na mahali pake ikaiweka mamlaka mpya, SHA, yenye mifuko mitatu: wa afya ya msingi, wa bima yenyewe, na wa dharura na maradhi sugu na mahututi. Julai 2024 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba sheria hizo zilikiuka Katiba, lakini Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 mfumo mpya ukaanza kazi nchini kote.

Kanuni yake ya msingi ni nzuri kwa maandishi. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake. Asiye na mshahara hukadiriwa kutokana na hali ya maisha yake, na hatozwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye kipato kikubwa hutoa zaidi, maskini hutoa kidogo, na wote hutibiwa kwa kipimo kimoja. Hapana shaka kwamba kanuni hiyo ina haki zaidi kuliko ile ya zamani, ambapo mwuza mboga na mwenye duka la jumla, kwa kuwa wote walikuwa nje ya ajira rasmi, walitozwa shilingi 500 sawasawa.

Taabu ilianzia katika kuvuka kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Katika majuma ya mwanzo ya Oktoba 2024, wagonjwa wa saratani na wa figo katika sehemu mbalimbali za nchi walifika hospitalini wakaambiwa kwamba kadi ya zamani imekufa na mtambo mpya haujaamka. Kwa mtu mwenye mafua, siku kumi za kusubiri ni usumbufu. Kwa anayetibiwa kwa dawa za kemikali zinazotolewa kwa ratiba maalumu, siku kumi ni sehemu ya maradhi. Februari 2025 chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, kikatangaza kusitisha huduma kwa wenye bima hiyo kwa sababu ya madeni yasiyolipwa, mengine yakiwa ya tangu enzi za NHIF. Hivyo basi, aliyekuwa ametimiza wajibu wake wa kulipa akajikuta katikati ya ugomvi wa wadai na wadaiwa ambao yeye hakuuanzisha.

Kikomo cha Kaya na Kikomo cha Mwaka

Kiini cha hoja za wagonjwa na jamaa zao ni kikomo. Mfumo mpya ulipoanza, matibabu ya saratani yaliwekewa kikomo cha shilingi 400,000 kwa kila kaya kwa mwaka, na kiasi hicho kikiisha, mfuko wa maradhi sugu na mahututi ukaongeza shilingi 150,000. Jumla ni 550,000. Kwa familia ya Wang'uru inayotegemea mavuno ya mpunga, fedha hizo ni nyingi mno zikitajwa kwa mdomo. Wodini huisha upesi.

Tuchukue mfano mmoja. Dawa ya trastuzumab, inayojulikana zaidi kwa jina la Herceptin, hutumiwa kwa aina mojawapo ya saratani ya matiti, na kwa kawaida hutolewa kila baada ya majuma 3 kwa muda wa mwaka mmoja, yaani takriban dozi 18. Bei yake nchini ilikuwa shilingi 120,000 kwa dozi. Kwa hesabu hiyo, kikomo cha kaya kilitosha dozi 4, na ya 5 isingekamilika. Dozi 13 zilizosalia zingetoka wapi? Hapa ndipo bima inapogeuka mchango: kadi za mwaliko zinachapishwa, kundi la simu linaundwa, watu wa kanisa wanatembelewa, na ikibidi shamba linakodishwa kwa msimu mmoja au miwili. Mwaka wa 2025 Serikali iliafikiana na kampuni ya Roche, na bei ya dozi ikashushwa hadi shilingi 40,000, zote zikilipwa na SHA. Hatua hiyo yastahili kupongezwa bila kigugumizi. Hata hivyo, inathibitisha hoja yenyewe: bei iliyodhaniwa kuwa haina budi iliweza kushuka kwa theluthi mbili.

Kikomo chenyewe nacho kimesogezwa. Katika hotuba ya sikukuu ya Mashujaa, Oktoba 2025, ilitangazwa kwamba kingepandishwa hadi shilingi 800,000 kuanzia Desemba mwaka huo. Bila ya kelele za wagonjwa na vyama vyao, ni vigumu kuamini kwamba jambo hilo lingefikiriwa mapema hivyo. Lakini kupandisha tarakimu si sawa na kubadilisha kipimo, na kipimo kilichochaguliwa kina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kaya. Saratani huumiza kaya nzima, lakini humshika mtu mmoja mmoja. Mama akiugua saratani ya mlango wa kizazi na baba akaugua ya tezi dume katika mwaka mmoja, wanagawana kikomo kimoja, ilhali jirani yao ambaye nyumbani kwake ameugua mtu mmoja ana kikomo kizima. Familia iliyopigwa mara mbili inasaidiwa nusu. Mtu anaweza kujibu kwamba mambo kama hayo hutokea kwa nadra. Kama ni kwa nadra, basi hata gharama ya kuyarekebisha ni ndogo, na hakuna sababu ya kutoyarekebisha.

Kasoro ya pili ni mwaka. Ugonjwa haufuati kalenda ya bima. Aliyegunduliwa mwezi mmoja kabla ya mwaka wake wa bima kuisha atapata vikomo viwili katika muda mfupi. Aliyegunduliwa mwanzoni mwa mwaka huo huenda akamaliza fungu lake katikati ya matibabu. Wote wawili wamelipa sawa na wanaugua sawa. Tofauti yao ni tarehe tu.

Mpunga Hauvunwi Kila Mwezi

Suala la pili ni namna ya kulipa. Chini ya mfumo mpya, kaya isiyo na mshahara inatakiwa kutoa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa wengi kiasi hicho, kigawanywapo kwa miezi 12, si kikubwa. Kwa waliokadiriwa katika kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600 kwa mwaka, pungufu ya shilingi 6,000 za NHIF. Lakini fedha za kijijini hazihesabiwi kwa ukubwa tu. Huhesabiwa kwa majira.

Wang'uru ina majira yake. Mavuno makuu ya mpunga huja kuelekea mwisho wa mwaka. Wakati huo mashine za kukoboa hunguruma usiku na mchana, pishori hujaa maghalani, na mfuko wa mkulima hupumua. Miezi ya katikati ni ya kukopa mbegu, mbolea na karo. Kuna tena wale wasio na shamba: wanawake wanaopandikiza miche wakiwa ndani ya maji, vijana wa bodaboda, wachuuzi wa kando ya barabara ya Embu. Hawa hupata cha leo leo. Kumwambia mpandikizaji alete fedha za miezi 12 katika siku moja ni kumwomba kibaba kilichojaa, ilhali wahenga walikwisha kutuambia kwamba haba na haba ndiyo hujaza kibaba. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulioanzishwa mwaka wa 2025 ulikuwa kukiri kwamba hekima hiyo ilisahauliwa. Tahadhari ni kwamba malipo hayo ya kidogo kidogo yanatolewa kwa njia ya mkopo. Asiyekuwa na deni kabla ya kuugua huanza safari ya bima akiwa nalo.

Watetezi wa mfumo wana hoja inayostahili kusikilizwa. Wanasema kwamba waliosajiliwa ni wengi mno kuliko wanaolipa, na kwamba mfuko usiojazwa hauwezi kuondolewa vikomo. Hoja hii ni ya kweli. Mkulima wa Mwea anaielewa kuliko wengi, maana maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, na mtu wa juu akiyazuia, wa chini huvuna majani makavu. Lakini mfereji huo huo unafundisha jambo la pili: watu husafisha sehemu yao ya mfereji wanapoona kwamba maji yanawafikia. Asiyelipa bima si lazima awe mchoyo. Huenda alimwona jirani aliyelipa akiishia kuitisha harambee, akaamua kwamba ni afadhali atunze fedha zake kwa ajili ya harambee ya kwake. Kumlaumu mtu huyo ni rahisi. Kumpa sababu ya kubadilisha hesabu yake ndiyo kazi ya mageuzi.

Manusura Hajamaliza Safari

Neno manusura linatokana na nusura, yaani msaada wa kuokolewa. Katika matumizi ya kawaida, manusura wa ajali ni mtu ambaye ajali yake imekwisha. Manusura wa saratani si hivyo. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya matiti huenda akatakiwa kumeza tamoxifen kila siku kwa miaka 5 hadi 10. Atarudi kupimwa mara kwa mara, na kila kipimo ni siku ya hofu. Kwa mkazi wa Wang'uru, njia ya matibabu huanzia Kimbimbi au Kerugoya, huendelea hadi Embu au Nyeri kwa dawa za kemikali, na wengi huishia Nairobi, kilomita zipatazo 100, kwa tiba ya mionzi. Mionzi hutolewa siku baada ya siku kwa majuma kadhaa. Bima ikilipia mionzi bila ya kufikiria mahali pa kulala, imemlipia mgonjwa mlango na kumwacha bila nyumba.

Pana pia upande wa kabla ya tiba. Kabla neno saratani halijaandikwa kwenye faili, kuna kukatwa kipande cha nyama ya mwili na kupimwa, kuna picha, kuna kusubiri. Familia nyingi humaliza akiba yao katika kutafuta jina la ugonjwa. Kwa mujibu wa makadirio ya mradi wa Globocan wa mwaka wa 2022, Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani 44,726 kwa mwaka, na vifo 29,317. Uwiano huo unaeleza mengi kuhusu watu wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mageuzi yanayohesabu gharama ya ukuta peke yake yatafilisika.

Taifa lilipata somo hili Julai 2019, lilipowapoteza kwa saratani, katika mwezi mmoja, Bob Collymore wa Safaricom, Mbunge Ken Okoth wa Kibra na Gavana Joyce Laboso wa Bomet. Msiba huo uliyafanya maradhi haya yazungumzwe hadharani. Ulionyesha vilevile kwamba hata wenye uwezo hawana kinga. Kilichobaki ni kuuliza hali ya wasio na uwezo huo.

Lugha ya Ahadi

Wasomaji wa jarida hili watauliza: hayo yote yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu sana. Bima ni mkataba, na mkataba ni maneno. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na cha 43 kinampa haki ya afya. Hata hivyo, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitungwa kwa Kiingereza, na orodha ya viwango vya malipo huchapishwa katika gazeti rasmi la Serikali kwa Kiingereza. Raia amepewa jina la Kiswahili, Afya Yangu, la kujisajilia. Maelezo ya kiasi gani cha afya hiyo ni chake yamebaki katika lugha ya wakili.

Tanzania imetangulia katika jambo hili. Tangu marekebisho ya mwaka wa 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini humo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka wa 2023 inatajwa na kujadiliwa kwa jina hilo la Kiswahili. Hii haimaanishi kwamba Mtanzania anayeugua saratani ameondokewa na shida. Inamaanisha kwamba anaweza kubishana na mfuko wake kwa lugha anayoiweza.

Tena si mara ya kwanza Kiswahili kuhitajika wodini. UKIMWI ulipoingia, lugha yetu iliunda kifupisho chake yenyewe kutokana na upungufu wa kinga mwilini, na neno likaenea hadi vijijini. Fasihi ikalipokea. Riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja, ya mwaka wa 2004, ni ushahidi mmoja. Saratani haijapata hadhi hiyo. Jina lenyewe, ambalo kwa Kiarabu ni kaa kama lilivyo katika Kilatini, bado hutamkwa kwa kunong'ona.

Hitimisho

Kutokana na yaliyojadiliwa, mambo manne yanajitokeza. Kikomo cha matibabu ya saratani kipimwe kwa mgonjwa na kwa duru ya matibabu aliyoandikiwa na daktari, wala si kwa kaya na tarehe. Malipo ya wasio na mshahara yafuate majira ya mapato yao bila ya kuwatwika mkopo. Uchunguzi wa mapema na ufuatiliaji wa manusura uhesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Na kila mgonjwa apewe, kwa Kiswahili, karatasi inayomwonyesha alicholipa, kilichotumika na kilichosalia, kabla ya kuingia chumba cha dawa na si baada yake.

Jambo hili la mwisho halihitaji bajeti kubwa. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina wahadhiri wa tafsiri, wanafunzi wa istilahi na likizo ndefu. Kuitafsiri orodha ya malipo ya SHA na kuandaa faharasa ya maneno ya bima na saratani ni kazi ambayo darasa moja linaweza kuifanya kwa muhula mmoja, wauguzi wakiikagua. Mama wa Wang'uru akiweza kuisoma karatasi hiyo mwenyewe, au kusomewa na mwanawe aliye darasa la 7, atajua kama alichonacho ni bima au ni makato. Wahenga walisema ahadi ni deni, na mwenye kudai sharti ajue anadai nini.